Jengo Lililojengwa Mara Mbili

Kwa miaka miwili droo yangu ya kazini ilikuwa na vitu vitatu: daftari, chaja ya simu na shuka la Kimasai. Shuka lilikuwa la kujifunika. Ni Dar es Salaam, mwezi wa Februari, huko nje watu wanatafuta kivuli kama wanavyotafuta riziki, na mimi niko ghorofa ya saba nachapa habari nikiwa nimejifunika kama mlinzi wa usiku. Upande wa pili wa chumba hicho hicho, hatua kama ishirini kutoka kwangu, watu wa michezo wamekunja mikono ya mashati na wanajipepea kwa magazeti ya jana.

Jengo lilikuwa jipya. Nililijua tangu siku ya utepe, maana mimi ndiye niliyetumwa kuandika habari ya uzinduzi wake. Kulikuwa na ngoma, mkasi juu ya mto mwekundu, na juisi ya kwenye boksi. Nikaandika maneno mia nne, na ndani yake nikaweka "mifumo ya kisasa ya viyoyozi", maneno niliyoyanyanyua mazima mazima kutoka kwenye taarifa tuliyogawiwa mlangoni. Sikuuliza swali hata moja kuhusu mifumo hiyo. Baada ya miaka michache ofisi yetu ikahamia humo humo, nami nikaenda kukaa chini ya mifumo yangu ya kisasa.

Aliyeumia zaidi hakuwa mimi. Tulikuwa na dada mmoja wa usanifu wa kurasa, ana pumu, na baridi ile ilikuwa inambana kifua. Akaomba kuhamishwa meza, akahamishwa, ikawa vile vile. Akaanza kukata likizo yake vipande vipande, leo siku moja, wiki ijayo mbili. Fundi wa AC aliitwa hadi walinzi wakamzoea. Alikuja na ngazi, akafungua dari, akaongeza, akapunguza, akaondoka. Siku moja nikamfuata hadi kwenye ngazi.

"Shikamoo mzee. Hivi tatizo ni nini hasa?"

"Marahaba mwanangu." Hakugeuka. "Hili jengo lilizinduliwa. Halikujaribiwa."

Tangu siku ile nimekuwa nikiifuatilia hiyo sentensi, na imenifikisha mbali kuliko nilivyodhani.

Kwanza kuna suala la neno. Hatua anayoizungumzia mzee, ile ya kuwasha kila mtambo wa jengo, kuupima, na kuhakikisha unafanya kile mwenye jengo alichokilipia, Wazungu wameipa jina lililotoka baharini. Meli mpya haikabidhiwi kwa nahodha kwa sababu tu imepakwa rangi. Hupelekwa majini ikakimbizwa, ikageuzwa, ikasimamishwa ghafla, ndipo ikapokelewa. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili vizuri. Tuna kitenzi kizima cha kushua, yaani kukishusha chombo majini kwa mara ya kwanza, na hakuna nahodha mwenye akili anayepakia shehena siku ya kushua. Utasubiri uone mbao zinakunywa maji kiasi gani na kalafati imeshika wapi. Lakini kwenye majengo tumebaki na neno "uzinduzi", na uzinduzi ni mkasi na utepe. Kazi isiyo na jina ni rahisi kuirukwa, hasa pale mkandarasi amechelewa na mgeni rasmi ameshathibitisha tarehe.

Sasa twende New York, kwa sababu historia hii ina mizizi yake huko, na kwa namna ya ajabu inaanza na kuishia kwa watu wa magazeti.

Mwaka 1902 kiwanda kimoja cha uchapaji cha Brooklyn, Sackett-Wilhelms, kilikuwa na tatizo la unyevu. Picha za rangi zilichapwa kwa kupitisha karatasi ile ile mara kadhaa, kila rangi kwa zamu yake. Hewa ikiwa na unyevu karatasi inatanuka kidogo, ikikauka inasinyaa, na rangi ya pili haiangukii mahali ilipo ya kwanza. Midomo inatokea shavuni. Mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba yenye maji baridi ili unyevu ubaki kwenye kiwango kimoja mwaka mzima. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa. Yaani hii AC ninayoilalamikia haikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi, na karatasi haina pumu.

Binadamu alifikiwa baadaye. Mwaka 1928 jengo la Milam la San Antonio, Texas, likawa ghorofa refu la kwanza la ofisi kuwekewa kiyoyozi jengo zima. Mwaka 1952 Lever House ilifunguliwa New York ikiwa na kuta za kioo na madirisha yasiyofunguka. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Katika nyumba yenye madirisha, mtambo ukikosea unafungua dirisha. Katika sanduku la kioo, kosa la mtambo ni kosa lako wewe uliyekaa chini yake, na huna pa kwenda. Kadiri majengo yalivyofungwa ndivyo mitambo ilivyoongezeka: mashine za kupoza maji, feni, valvu, vizuia hewa kwenye mabomba ya darini, na vihisi, vile vidude vidogo vya ukutani vinavyopima joto na kuiambia mashine la kufanya. Kila kimoja kinafungwa na fundi tofauti, chini ya mkataba tofauti. Kila fundi anaweza kuapa kwamba chake kinafanya kazi, na akawa anasema kweli, huku jengo zima halifanyi kazi.

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 watu wakaanza kuuliza nishati inaenda wapi. Idara ya kazi za umma ya Kanada ilianza kuuingiza upimaji huu katika miradi yake mwaka 1977. Jumuiya ya wahandisi wa viyoyozi ya Marekani, ASHRAE, ikaunda kamati mwaka 1984 na kutoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1989. Kazi yenyewe ilikuwa ya karatasi na miguu. Mhandisi ana fomu kwenye ubao, anapanda ngazi, anafungua dari, anapima, anaweka alama ya vema. Kwenye jengo lenye mamia ya vifaa vya namna moja ilikuwa kawaida kupima sampuli, kimoja katika kila kumi tuseme, na kuwaamini tisa waliobaki. Tena unapima siku moja tu. Jengo linaloonekana zima Jumanne asubuhi ya mwezi wa nne linaweza kuwa gonjwa kila Ijumaa mchana mwezi wa kwanza, na fomu yako haitajua kamwe.

Ndipo nafika kwa wenzangu wa The New York Times.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya gazeti hilo ilikuwa inajenga makao mapya Manhattan, ghorofa 52, mchoro wa Mtaliano Renzo Piano. Piano alitaka kioo cheupe toka sakafuni hadi darini, ili mji uwaone wanahabari na wanahabari wauone mji. Kwa nje akapanga fito za kauri, maelfu kwa maelfu, zikilala mlalo kama ngazi ndefu, kukinga jua. Kwenye mchoro inapendeza. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuhariri habari huku jua la saa kumi likipiga kwenye skrini anajua kinachofuata: wiki ya kwanza tu kila mtu atashusha pazia, atawasha taa, na hatapandisha pazia hilo tena hadi astaafu. Kioo chote kile cha bei mbaya kitakuwa ukuta.

Walichofanya ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Kabla ya kulijenga jengo, walijenga kipande chake. Kwenye eneo la kiwanda chao cha uchapaji huko College Point, Queens, walisimamisha kona moja ya ghorofa moja, ile ya kusini-magharibi, mita za mraba 401, kwa ukubwa wake halisi, ikitazama jua kama itakavyolitazama ikiwa Manhattan. Wakaweka meza, viti na vigawanyo vya urefu wa mita 1.2. Hakuna mtu aliyekaa humo. Waliokaa ni vihisi. Watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley ya California, wakiwamo Eleanor Lee na Stephen Selkowitz, walirekodi mwanga na umeme kwa miezi tisa, mchana baada ya mchana, jua likiwa juu na jua likiwa chini.

Kipande kile kiligawanywa sehemu mbili, kila sehemu ikafungwa mfumo wa aina yake wa mapazia yanayojishusha na taa zinazofifia zenyewe kulingana na mwanga wa nje. Mashindano, kwa lugha nyepesi. Matokeo yalikuja kwa namba, siyo kwa maneno ya muuzaji. Katika eneo la mita 7 kutoka dirishani, upande mmoja uliokoa asilimia 20 hadi 23 ya umeme wa taa, upande mwingine asilimia 52 hadi 59. Usikimbilie kumtangaza mshindi. Upande wa kwanza ulipata mwanga wa magharibi peke yake, wa pili ulipata mwanga wa pande mbili. Huko ndiko kusoma data, kuuliza kilichoizalisha kabla ya kuishangilia.

Kuna sentensi moja ya watafiti hao ambayo ningependa kila mwandishi wa habari za uzinduzi aijue. Walieleza kwamba mifumo ile ilikuwa ya kuaminika sana baada ya kupimwa na kurekebishwa ipasavyo. Hapo "baada ya" ndiyo imebeba mzigo wote. Vifaa vilikuwa bora, vimenunuliwa na watu wenye fedha, vimefungwa na mafundi wazuri, na bado kulikuwa na kabla na baada. Kihisi cha mwanga kilichobandikwa darini hakijui meza iko wapi. Kinaona nuru inayorudi kutoka chini, na lazima mtu akifundishe kwamba nuru kiasi hiki darini ni sawa na kiasi kile mezani, pazia likiwa juu na likiwa chini. Usipokifundisha kitazima taa za mtu anayesoma, au kitaziacha zinawaka huku jua limejaa chumbani.

Wafanyakazi wakahamia jengo halisi mwaka 2007. Watafiti wale wale wakarudi baadaye kupima tena, sasa watu wakiwa wanaishi humo, na mwaka 2013 wakatoa matokeo: ukilinganisha na jengo kama hilo ambalo lingetimiza tu masharti ya chini ya kanuni za ujenzi, umeme wa mwaka ulikuwa pungufu kwa asilimia 24, nishati ya kupasha joto kwa asilimia 51, na mahitaji ya juu kabisa ya umeme kwa asilimia 25.

Nisiwapambe sana. Tarehe 5 Juni 2008, jengo likiwa bado linanukia upya, Mfaransa Alain Robert alizishika zile fito za kauri akalipanda jengo lote kwa mikono, akiwa na bango kuhusu ongezeko la joto duniani. Siku hiyo hiyo, saa chache baadaye, akapanda mwingine, kwenye fulana yake kuna ujumbe wa kupambana na malaria. Mwezi uliofuata akajitokeza wa tatu, na baadhi ya fito za chini zikabidi ziondolewe. Nilisema ni kama ngazi ndefu, sivyo? Miezi tisa ya vihisi ilijibu maswali iliyoulizwa.

Queens ilikuwa data kabla ya jengo. Kizazi kilichofuata kilichukua data ya jengo lenyewe, na hilo lilitegemea jambo moja la kiufundi lisilo na mvuto wowote: vifaa vya kampuni mbalimbali vilikuwa haviongei lugha moja. Kamati ya ASHRAE ilianza kutengeneza lugha ya pamoja mwaka 1987, na ikaitoa mwaka 1995 kwa jina la BACnet. Baada ya hapo ikawezekana kukusanya, kila dakika chache, kile kila kihisi kinachokiona na kile kila valvu inachoagizwa, halafu kuiachia kompyuta maswali ambayo mwenye fomu asingeyafikia yote. Valvu imeagizwa ifunge, mbona hewa bado inapoa ikipita hapo? Basi inavuja. Chumba kimoja kinapashwa joto na kupozwa kwa wakati mmoja? Mtu analipa mara mbili. Usiku wa manane ghorofa tupu, feni inazunguka kwa ajili ya nani? Hakuna tena habari ya sampuli. Vyote vinapimwa, kila siku.

Microsoft walifanya hivyo kwenye makao yao ya Redmond, majengo 125 yenye mitambo ya enzi tofauti. Kung'oa na kuweka mifumo mipya kungegharimu zaidi ya dola milioni 60, wakaamua kuisikiliza iliyokuwepo. Kwa maelezo yao ya mwaka 2013 mfumo ulikuwa unapokea vipimo milioni 500 kwa siku, na mara tu ulipowashwa ukagundua feni za gereji moja zilizosahaulika zikizunguka mwaka mzima. Hasara dola 66,000. Hiyo ni kampuni ya kompyuta, yenye wahandisi wa kumwaga, na feni ilizunguka mwaka mzima bila mtu kujua.

Wala si wao peke yao. Mwaka 2009 Evan Mills wa maabara ile ile ya Berkeley alikusanya kumbukumbu za majengo 643 ya Marekani yaliyofanyiwa upimaji wa aina hii. Yalikutwa na matatizo zaidi ya 10,000. Yakisharekebishwa, jengo la katikati ya orodha lilipunguza nishati kwa asilimia 16 kama ni la zamani na asilimia 13 kama ni jipya. Soma tena hilo la pili. Majengo mapya, yaliyokabidhiwa juzi.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu nikaacha kumcheka mkandarasi wa jengo letu. Kosa ni la kawaida. Kisicho cha kawaida ni kulitafuta.

Nikaenda Kariakoo nikanunua vipimajoto sita vidogo, vile vya betri vyenye kioo. Sina mfumo wa vipimo milioni 500, nina simu na jedwali. Kwa wiki mbili nikarekodi joto la meza sita kila saa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na siku za mapumziko yangu dada wa usanifu alinirekodia. Watu wa michezo wakanipa jina la "Mamlaka ya Hali ya Hewa."

Nilitegemea kuona upande wetu baridi na upande wao joto, na kweli. Nisichokitegemea ni saa. Asubuhi tofauti ilikuwa ndogo, nyuzi mbili, tatu. Kuanzia saa nane mchana, jua linapogeukia upande wa michezo, joto lao linapanda hadi 29, na hapo hapo sisi ndiyo tunaporomoka hadi 18. Kila siku yenye jua. Siku mbili za mawingu, pande zote mbili zikakaa karibu sawa. Nilichora mistari miwili kwenye jedwali, mmoja unapanda na mwingine unashuka, kama watu wawili kwenye bembea la ubao.

Uongozi wa jengo ulilipokea jedwali langu kwa adabu na kuliweka mahali. Sishangai sana. Wapangaji ndio tuliokuwa tunalipa umeme, kwa mita ya mraba. Baridi yetu haikuwa hasara ya mwenye jengo. Hili hata Marekani ni kikwazo kikubwa: mwenye uwezo wa kurekebisha siye anayelipa bili, na data haina dawa ya hilo.

Nikampelekea mzee wa ngazi. Akavaa miwani, akaangalia ile mistari miwili muda mrefu, kisha akacheka peke yake.

"Wamepishana."

Nyaya, alikuwa anasema. Kihisi cha ukutani kwetu kilikuwa kimeunganishwa na mashine ya dari ya watu wa michezo, na chao na yetu. Jua likiwapiga wao, kihisi chao kinapiga kelele za joto, na mashine yetu inaitikia kwa kutumwagia baridi. Sisi tukishaganda, kihisi chetu kinaiambia mashine yao inatosha, punguza. Wao wanazidi kuungua, sisi tunazidi kuganda. Miaka yote ile aliyopanda ngazi, alikuwa anaipima mashine iliyo juu ya kichwa cha anayelalamika, naye kila mara aliikuta nzima, kwa sababu ilikuwa nzima. Siku ya makabidhiano ingetosha mtu mmoja kushika kihisi kwa kiganja chenye joto na mwingine kuangalia ni mashine ipi imeshtuka.

Kubadilisha nyaya kulimchukua chini ya saa moja, Jumamosi. Jumatatu saa tisa alasiri meza yangu ilisoma 24, na ya michezo 24. Nikapiga picha vipimajoto viwili vikiwa pamoja nikamtumia yule dada wa usanifu. Alikuwa ameshaacha kazi wiki tano kabla. Akanijibu, "Hongereni," na kikatuni cha mtu amejifunika blanketi.

Habari yangu ya uzinduzi bado ipo mtandaoni, na jina langu juu yake. Niliifungua wiki hii nikihakiki makala hii. Aya ya tatu, mstari wa pili: mifumo ya kisasa ya viyoyozi. Nimemwandikia mhariri kumwomba tuirekebishe, ameniuliza turekebishe nini hasa, na bado natafuta jinsi ya kumjibu.